Bawaba na Barua: Historia ya Simu ya Kukunja Nchini Japani

Simu ya kukunja, yaani simu ya mkononi yenye bawaba katikati ili kioo na vitufe vyake vifunikane inapofungwa, huelezwa mara nyingi kama kifaa cha kuzungumzia kilichofupishwa ili kienee mfukoni. Maelezo hayo yanaifaa Marekani, ambako kampuni ya Motorola ilitoa mwaka 1989 simu ya MicroTAC, iliyokuwa na kifuniko kidogo kilichofungukia chini, kisha mwaka 1996 ikatoa StarTAC, iliyojikunja nusu kwa nusu na kuwa na uzito wa gramu 88 tu. Hayaifai Japani. Huko simu ya kukunja ilitawala kwa karibu muongo mzima kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kwamba watu walikuwa wameanza kusoma na kuandika barua kwenye simu, na barua huhitaji kioo kipana pamoja na vitufe vinavyolitosha dole gumba, vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa pamoja juu ya kifaa kifupi isipokuwa kimoja kikilalie kingine.

Tabia hiyo ya kuandikiana ilitangulia simu ya mkononi yenyewe. Mwaka 1968 shirika la umma la simu, ambalo mwaka 1985 liligeuzwa kuwa kampuni ya NTT, lilianzisha mjini Tokyo huduma ya peja, kijisanduku cha mfukoni kilicholia tu ili kumjulisha mwenye nacho kwamba anatafutwa, naye akaenda kutafuta simu ya kupigia. Wateja wa mwanzo walikuwa mawakala wa biashara na watu wengine ambao ofisi zao zilitaka kuwapata popote walipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja peja zenye kidirisha cha kuonyesha namba, na lengo la kampuni lilikuwa kwamba anayetafuta aache namba yake ya simu. Lakini miaka michache baadaye wasichana wa sekondari wakakigeuza kidirisha hicho kuwa karatasi ya barua.

Walichotumia ni sifa ya lugha yao, kwa kuwa kila tarakimu katika Kijapani ina matamshi zaidi ya moja na silabi yake ya kwanza inaweza kukatwa ikaunganishwa na nyingine. Namba 0840 ikasomeka "ohayo", salamu ya asubuhi. 724106 ikawa swali la kumuuliza mwenzako anafanya nini. 14106 ikawa tamko la mapenzi. Vijana wa Kiswahili waliokuja kuandika "wa2" na "2taonana" katika ujumbe wa simu, wakiisoma namba 2 kwa Kiingereza, walifanya mchezo wa aina hiyo hiyo bila kujua kwamba wenzao wa Tokyo walikwisha kuucheza. Wakati wa mapumziko ya shule wasichana walipanga foleni kwenye simu za umma na kubonyeza tarakimu hizo kwa kasi ya ajabu, na mwaka 1996, kilele cha peja kilipofikiwa, waliojiandikisha nchini kote walizidi milioni 10. Huduma iliyokusudiwa kumwita mfanyabiashara ilikuwa imekwisha kuwa ya mabinti.

Simu ya mkononi nayo ilikuwa ghali na ya kukodishwa hadi mwaka 1994, wateja waliporuhusiwa kuinunua na kuimiliki. Kampuni ya DoCoMo, iliyotengwa na NTT mwaka 1992 ili kushughulikia mawasiliano ya mkononi, ilipata washindani, bei zikashuka, na vijana wa peja wakaanza kuhamia kwenye simu pamoja na tabia yao ya kuandika. Mwaka 1997 mshindani mmojawapo, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la J-Phone, alianzisha huduma ya ujumbe wa maandishi iliyopendwa sana na vijana hao.

Hapa pana jambo dogo la kiufundi ambalo uzito wake katika historia hii ni mkubwa kuliko lilivyoonekana wakati ule. Ujumbe mfupi, ule ambao Waafrika Mashariki waliufahamu katika mtandao wa GSM wenye kikomo cha herufi 160, ulimfikia mtu yeyote mwenye simu, awe wa kampuni hii au ile. Japani haikutumia GSM; ilijijengea mfumo wake ulioitwa PDC, ambao haukutumika kibiashara katika nchi nyingine yoyote, na ndani ya mfumo huo kila kampuni ya simu iliweka huduma yake ya ujumbe ambayo haikuvuka kwenda kwa kampuni nyingine. Kizuizi hicho kilidumu hadi Julai 2011. Kwa hiyo Mjapani wa mwishoni mwa karne ya 20 aliyetaka kumwandikia rafiki wa kampuni tofauti alihitaji chombo kisichojali mipaka ya kampuni, nacho ni barua pepe ya intaneti.

DoCoMo ilikiweka chombo hicho mfukoni tarehe 22 Februari 1999 kwa huduma iliyoitwa i-mode. Msimamizi wa mradi, Keiichi Enoki, alikuwa mhandisi wa ndani ya kampuni, lakini waliomsaidia kuupa sura walitoka nje: Mari Matsunaga alikuwa mhariri wa majarida ya kampuni ya Recruit, na Takeshi Natsuno alitoka katika kampuni changa ya intaneti. Uteuzi wa mhariri wa majarida ndio pengine uamuzi wa busara kuliko yote katika mradi ule. Mhandisi hupenda kueleza mtambo, ilhali mhariri hujiuliza msomaji atafungua ukurasa gani kwanza, na i-mode ilitangazwa kwa umma bila kusisitiza neno intaneti, kama simu ambayo mtu huongea nayo na pia huangalizia hali ya hewa, salio la benki na tiketi. Siku ya kwanza kampuni 67 zilikuwa tayari zimeweka huduma zao ndani yake.

Utendaji wake haukuwa wa makeke. Kasi ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde, ambayo kwa vipimo vya leo ni kujikongoja. Hata hivyo data zilisafiri kwa pakiti, yaani vipande vidogo vinavyotumwa kimoja kimoja bila kuishikilia njia ya simu muda wote, na mteja alitozwa kwa kiasi alichotuma au kupokea badala ya dakika alizokaa hewani. Ada ilikuwa yeni 300 kwa mwezi, na juu yake 0.3 ya yeni kwa kila pakiti ya baiti 128, nafasi inayotosha herufi 64 za Kijapani kwa kuwa kila moja huchukua baiti mbili. Kurasa ziliandikwa kwa lugha iliyopunguzwa ya HTML, ile ile inayotumika kupanga kurasa za intaneti, na kampuni ndogo ya Access ndiyo iliyotengeneza programu ya kuzifungua ndani ya kumbukumbu finyu ya simu. Barua moja ilibeba hadi herufi 250, na jambo lililowavutia wateja kuliko mengine yote ni kwamba barua hiyo haikusubiri kufuatwa: ilijileta yenyewe, simu ikatikisika, taa ikawaka.

Kwa sadfa ya kalenda, mwezi mmoja kabla ya hapo kampuni ya Research In Motion ya Kanada ilikuwa imetoa BlackBerry yake ya kwanza, nayo pia ilileta barua mikononi mwa mwenyewe bila kufuatwa. Wateja wake walikuwa wakurugenzi na wanasheria, barua zao zilitoka ofisini, na kifaa kilikuwa na kibodi kamili ya herufi. Huko Japani kazi hiyo hiyo ilifanywa na mwanafunzi mwenye vitufe 12 na dole gumba moja. Mwezi Agosti 2000, mwaka mmoja na nusu tangu kuzinduliwa, i-mode ilikuwa na wateja milioni 10.

Simu ya kwanza ya huduma hiyo, F501i ya Fujitsu, ilikuwa ya kunyooka, yaani kipande kimoja kisichokunjika, na wakati huo ndiyo ilikuwa fasheni: Wajapani walishindania wepesi, na simu nyembamba za kunyooka za Panasonic zilikuwa na mashabiki wengi. NEC peke yake ndiyo iliyong'ang'ania bawaba tangu mwaka 1991, bila faida kubwa ya kuonekana, kwa kuwa mtu anayepiga simu tu hana haja ya kioo kikubwa na bawaba humwongezea uzito na kitu cha kuvunjika. Mwaka 1999 NEC ikatoa N501i, simu ya kwanza ya i-mode kukunjika, na ung'ang'anizi wake ukapata maana. Nusu ya juu yote ikawa kioo, nusu ya chini yote ikawa vitufe, na barua iliyohitaji kusogezwa mstari kwa mstari kwenye simu za wengine ikaonekana hapa karibu yote kwa pamoja. Matoleo yaliyofuata, N502i na N503i, yaliuzwa sana, na mwaka 2001 Panasonic yenyewe ikasalimu amri na kutoa P503iS yenye mkunjo. Miaka miwili baadaye simu za kunyooka zilikuwa chache katika madirisha ya maduka.

Umbo lililokomaa katika miaka hiyo lilikuwa na ustadi wake. Juu ya kifuniko kulikuwa na kidirisha cha pili, kidogo, kilichoonyesha saa na jina la aliyeandika, ili mwenye simu aamue kama inafaa kuifungua. Pembeni palikuwa na tundu la kamba ya mapambo, nayo mara nyingi ilikuwa na vikaragosi vingi kiasi cha kuizidi simu kwa ukubwa. Baadaye Panasonic iliweka ubavuni kitufe kilichofyatua kifuniko kwa mguso mmoja, kwa ajili ya abiria ambaye mkono wake mwingine umeshika kishikio cha treni. Kuifunga simu kulikata mazungumzo, kukalinda vitufe visibonyezwe na kuficha barua isisomwe na jirani.

Uandishi wenyewe ulitaka mazoezi. Maandishi ya Kijapani yana silabi 46 za msingi zilizopangwa kwa safu, na kila kitufe kilipewa safu moja: kitufe cha 1 kilibeba a, i, u, e, o, cha 2 kikabeba ka, ki, ku, ke, ko, na kuendelea hivyo hadi 0. Aliyetaka kuandika salamu ya asubuhi kwa ukamilifu wake alibonyeza 1 mara tano kupata "o", 6 mara moja kupata "ha", 8 mara tatu kupata "yo" na 1 tena mara tatu kupata "u", jumla mibonyezo 12 kwa neno ambalo peja ililimaliza kwa tarakimu nne. Baada ya hapo ilibidi silabi zigeuzwe kuwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Uchina zinazowakilisha maneno, kwa kuchagua kutoka katika orodha. Kazi hiyo ilipunguzwa na programu za kukisia maneno, mojawapo ikiwa POBox iliyobuniwa na Toshiyuki Masui wa Sony, ambayo ilipoona silabi moja au mbili ilipendekeza neno zima na kukumbuka yale ambayo mwenye simu huyapenda. Vijana walioifahamu vizuri waliandika bila kutazama.

Kikomo cha herufi 250 ndicho kilichozaa alama ambazo sasa hazikosekani katika simu ya msomaji yeyote wa Kiswahili. Wakati wa peja, DoCoMo iliwahi kuwa na alama ya moyo, na ilipoiondoa katika toleo jipya lililolenga watu wa maofisini, vijana walihamia kwa mshindani aliyekuwa bado nayo. Shigetaka Kurita, kijana katika timu ya i-mode, hakulisahau somo hilo, na kwa ajili ya uzinduzi wa mwaka 1999 alibuni picha 176, kila moja ikiwa na upana wa nukta 12 na kimo cha nukta 12: jua, mwavuli, treni, ngumi, na mioyo ya namna mbalimbali. Aliazima sura zake kutoka katika utabiri wa hali ya hewa, alama za barabarani na katuni za Kijapani. Haikuwa seti ya kwanza, kwani simu moja ya Pioneer ya mwaka 1997 ilikuwa na picha 90, lakini ya Kurita ndiyo iliyoenea, pamoja na jina emoji, ambalo katika Kijapani ni "picha" na "herufi" zilizounganishwa. Kila kampuni ilikuwa na seti yake, na moyo uliotumwa kwa mteja wa kampuni nyingine ulifika ukiwa mistari miwili minene, alama ambayo wachapaji waliiita geta kwa kuwa inafanana na unyayo wa kiatu cha mbao chenye jina hilo. Mpenzi alituma moyo, mwenzake akapokea alama ya kiatu. Ni Oktoba 2010 ndipo emoji zilipoingizwa katika Unicode, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi ya dunia namba yake.

Maandishi yalipata nguvu pia kutokana na adabu. Katika treni za Japani kuzungumza na simu ni utovu wa heshima, na matangazo huwakumbusha abiria waizime sauti. Lakini hakuna aliyekatazwa kusoma. Safari ya saa moja kwenda kazini au shuleni ikawa muda wa kuandika barua, na kuanzia mwezi Novemba 2000, Sharp ilipotoa J-SH04 yenye kamera ya pikseli 110,000 kwa wateja wa J-Phone, ikawa pia muda wa kutumiana picha. Kutokana na safari hizo ilizaliwa hata fasihi. Mwandishi aliyejiita Yoshi alitoa hadithi yake ya "Deep Love" kwa wasomaji wa simu kabla haijawa kitabu mwaka 2002, na mwandishi mwingine aliyejulikana kwa jina la Mika aliandika "Koizora", iliyochapishwa mwaka 2006 na kufanywa filamu mwaka uliofuata. Katika orodha ya riwaya kumi zilizouzwa zaidi Japani mwaka 2007, tano zilikuwa zimeanzia kwenye simu. Wahakiki walilalamikia sentensi zake fupi na njama zake za machozi, na mengi ya malalamiko hayo yalikuwa ya haki, ila wachapishaji hawakuonekana kuyajali.

Barua ikaleta na uchafu wake. Anwani ya kwanza ya kila mteja ilikuwa namba yake ya simu ikifuatwa na jina la kampuni, hivyo mtangazaji asiye na haya aliweza kubuni namba kwa mfululizo na kumwaga matangazo usiku kucha, huku mpokeaji akilipia pakiti za ujumbe asiouomba. Mwaka 2001 DoCoMo ilianza kutoa anwani za herufi zilizochanganywa, na mwaka 2002 bunge la Japani likapitisha sheria ya kudhibiti barua za aina hiyo.

Nguvu ya mfumo wa i-mode, na hatimaye udhaifu wake, vilitoka mahali pamoja. DoCoMo ilishika kila kitu: iliamua simu iwe na vitu gani, ikawaagiza NEC, Panasonic, Fujitsu, Sharp na wengine wazitengeneze, ikaziuza kwa jina lake kwa bei iliyopunguzwa mno, ikachagua kurasa zipi ziingie katika orodha yake rasmi, na ikakusanya malipo ya kurasa hizo, kwa kawaida yasiyozidi yeni 300 kwa mwezi, katika ankara ile ile ya simu, ikijikatia asilimia 9 tu. Mgao huo mdogo uliwavutia wenye kurasa na kuwatajirisha baadhi yao. Lakini mtengenezaji wa simu aliyeagizwa na kampuni moja, kwa mfumo unaotumika nchi moja, hakuwa na sababu ya kumfikiria mnunuzi wa Nairobi au Berlin. DoCoMo ilijaribu kutoka. Iliweka karibu dola bilioni 9.8 katika kampuni ya AT&T Wireless ya Marekani, fedha ambazo sehemu yake iliyeyuka, na mwaka 2002 i-mode ikafunguliwa Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa, ikafifia baada ya miaka michache.

Ndani ya nchi, wakati huo huo, simu ya kukunja iliendelea kujaa: mwaka 2004 ikapewa uwezo wa kulipia dukani kwa kugusishwa kwenye mashine, na mwaka 2006 ikaonyesha televisheni. Wajapani wenyewe wakaanza kuiita kwa jina la visiwa vya Galapagos, ambako viumbe vilijiendeleza peke yao mbali na dunia, na jina hilo likafupishwa kuwa "garakei". Ni jina la dhihaka lenye mapenzi ndani yake, kama Watanzania walivyoziita simu za vitufe viswaswadu na Wakenya mulika mwizi, ingawa kiswaswadu kilidharauliwa kwa uchache wa mambo yake na garakei ilidharauliwa ilhali ina mambo mengi kuliko simu nyingi za Ulaya.

Tarehe 11 Julai 2008 SoftBank, iliyokuwa imeinunua biashara ya iliyokuwa J-Phone, ilianza kuuza iPhone nchini Japani. Mwaka huo huo Mitsubishi ikatangaza kuacha kutengeneza simu, na huko Kanada Research In Motion ikatoa BlackBerry Pearl Flip, simu yake ya kwanza ya kukunja, yenye herufi mbili kwa kila kitufe na barua pepe ndani. Ilikuja sokoni wakati ambapo kioo cha kugusa kilikuwa kimekwisha kuondoa sababu ya bawaba, maana vitufe vilihamia ndani ya kioo na havikuhitaji tena nusu yao. Barua yenyewe iliponyoka baada ya tetemeko la tarehe 11 Machi 2011, lililolazimisha kampuni za simu kuzuia hadi asilimia 95 ya maongezi huku data zikipita kwa nafuu kubwa; miezi mitatu baadaye ilizinduliwa LINE, programu ya kuandikiana ambayo iliwahamisha Wajapani kutoka kwenye anwani za kampuni zao za simu. NEC na Panasonic ziliacha kutengeneza simu janja za watumiaji wa kawaida mwaka 2013.

Mwaka 2016 jumba la sanaa za kisasa la MoMA mjini New York liliziingiza picha 176 za Kurita katika hazina yake. Tarehe 30 Septemba 2019 kampuni ya Tokyo Telemessage ilizima huduma ya mwisho ya peja nchini Japani, na siku hiyo hiyo DoCoMo ikafunga daftari la wateja wapya wa i-mode. Mwezi uliofuata ikatangaza kwamba huduma yenyewe itakoma tarehe 31 Machi 2026.